Kabla hujakimbilia WebSocket

Mkuu, umesema ukurasa wako wa oda unaiuliza seva kila sekunde 2 kama kuna jipya, seva inaelemewa, na umeshauriwa uhamie WebSocket, yaani njia inayobaki wazi ili kivinjari na seva vitumiane ujumbe wakati wowote. Nimepita hapohapo. Usianzie huko.

Jiulize kwanza data inakwenda upande gani. Kwako mtumiaji anatazama tu hali ya oda. Akibofya kitu, ombi la kawaida la HTTP linatosha. Kazi hiyo ni ya EventSource, zana iliyomo ndani ya kivinjari ya kupokea matukio kutoka kwenye seva. Seva inaacha jibu wazi, aina yake text/event-stream, na kila tukio ni mistari michache ya maandishi inayofungwa na mstari mtupu. WebSocket inafaa pande zote mbili zinapozungumza mfululizo, kama kwenye gumzo au mchezo, na ikikatika ni juu yako kuirudisha. EventSource hujiunganisha upya yenyewe.

Kilichonitesa siku 2 nzima ni proksi, yaani programu inayokaa kati ya kivinjari na seva na kupitisha maombi na majibu. Kwenye kompyuta yangu mambo yalikwenda sawa. Kwenye seva halisi kimya, halafu matukio yote yanamwagika kwa mpigo. Kumbe proksi ilikuwa inalilimbikiza jibu kabla ya kulipitisha. Kama proksi yako ni Nginx, zima proxy_buffering, au seva yako itume pamoja na jibu kichwa (header) cha X-Accel-Buffering: no. Nikalimaliza hilo, miunganisho ikaanza kukatika kila ukimya ulipofika sekunde 60, maana ndicho kikomo cha proxy_read_timeout usipokibadilisha. Sasa seva yetu hutuma mstari unaoanza na nukta pacha kila sekunde 20. Kivinjari huupuuza, ila njia inabaki hai.

Halafu namba, na hapa nakusihi sana. Kila tukio lipe id na ulihifadhi kwa muda. Simu ikipoteza mtandao kisha ikarudi, kivinjari kitatuma Last-Event-ID, yaani id ya tukio la mwisho kilichopokea, nawe utatuma yaliyofuata tu. Sisi mwanzoni hatukufanya hivyo. Mhudumu mmoja alikuwa akisoma "inaandaliwa" kwenye oda iliyokwisha kufutwa, akaiandaa hadi mwisho. Tukio la kufuta lilipita wakati simu yake haina mtandao, na hakuna kilicholirudisha. Iliniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyelaumiwa.

Angalia pia kama unatumia HTTP/1.1: kivinjari hufungua miunganisho 6 tu kwa kikoa kimoja, na kila kichupo chenye ukurasa huo hushika mmoja, hivyo kichupo cha 7 kitakwama. Toleo la HTTP/2 halina kikwazo hicho.

Weka mipangilio ya proksi yako hapa, niipitie.