Maswali Yenu: Shoka la Kratos au Upanga wa Sekiro?

SWALI: Mhariri, nimemaliza gemu ya God of War ya 2018, ile ya Kratos na shoka lake. Kaka yangu anashikilia kuwa gemu ya Sekiro ina mapigano bora zaidi. Mimi naona bila hadithi, kupigana ni kubonyeza vitufe tu. Nani yuko sahihi? Na je, ninunue gemu kabla haijatoka?

JIBU: Ndugu msomaji, kaka yako ana hoja nzito. Katika Sekiro (2019) kazi kubwa si kumpunguzia adui damu, ni kumvunja mizani, yaani kumfanya ayumbe na kukosa ulinzi. Upanga ukija, unakinga pale pale chuma kinapogusana. Cheche zinaruka, na mlio ule ndio unaokuambia umepatia. Genichiro, mmoja wa maadui wakubwa wa gemu hiyo, alinisumbua siku tatu juu ya ngome ya Ashina. Nilipomshinda, mikono ilikuwa inatetemeka.

Hata hivyo, moyo wangu uko kwako. Kamera ya God of War haikatiki tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hupati pa kuwakwepa yule baba, Kratos, na mwanawe, Atreus. Kumbuka windo la kulungu: Atreus ana huzuni, mkono wa Kratos unainuka kumgusa, kisha unarudi bila kumfikia. Hakuna neno linalosemwa. Baada ya hapo, kila shoka linaporushwa nalirusha kwa ajili ya mtoto yule.

Kuhusu kununua mapema, usinunue. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na kasoro nyingi mno, hata Sony, kampuni ya PlayStation, ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni hadi Juni 2021. Subiri wiki mbili, tazama watu wanavyoicheza, ndipo utoe pesa.