GCS jana 9, leo 7T: waombe wakusomee vipande vyake

Pole sana mkuu. Umeandika kwamba baada ya ajali ya bodaboda faili la mdogo wako lilisomeka GCS (Glasgow Coma Scale, kipimo cha fahamu) 9/15, leo yuko kwenye mashine wameandika 7T, na mama ameshaanza kulia kwamba mtoto anaondoka. Mimi ni muuguzi hapa Moshi, na swali hili naulizwa sana pale koridoni.

Kwanza, hiyo si asilimia ya uhai. Kipimo hiki walikitoa madaktari Teasdale na Jennett wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1974. Kinajumlisha mambo matatu: macho (1 hadi 4), maneno (1 hadi 5) na mwili (1 hadi 6). Sifuri haimo, asiyeitikia chochote kabisa anapata 3. Kwa aliyeumia kichwa, 13 hadi 15 ni jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka ni kali.

Sasa fanya hesabu. Tuseme jana macho yalikuwa 2, anafumbua akiminywa tu. Maneno 2, anaguna. Mwili 5, mkono unapanda kuondoa kinachomuumiza. Jumla 9. Leo kuna mpira wa kupumulia kooni, hata angekuwa na akili timamu asingeweza kusema, kwa hiyo maneno hayapewi alama na badala yake inaandikwa T, yaani ana mpira. Macho 2, mwili 5, ndiyo hiyo 7T. Kama vipande vyake ni hivyo, hajashuka hata hatua moja! Na dawa za usingizi anazopewa ili avumilie mpira zenyewe zinaweza kuishusha namba, kwa hiyo uliza pia kama bado anapewa.

Mimi binafsi naangalia mwili kuliko vyote. Mkono uliokuwa ukifuata maumivu ukianza kujikunja vibaya kifuani, yaani umetoka 5 kwenda 3, naita daktari hapohapo. Vilevile mboni ya jicho moja ikitanuka na haisinyai kwa tochi.

Nesi uliyemlalamikia kwa kubana kucha kwa kalamu hakuwa anamtesa. Bila maumivu kidogo huwezi kutofautisha 5 na 1. Umesema pia mdogo wako alikushika mkono, usishangilie bado. Kiganja kinaweza kufumba chenyewe kikiguswa. Mwambie aachie, au anyanyue vidole viwili. Akitii, hiyo ni 6.

Aliyesema "huyo ni pombe tu" mpuuzeni. Mlevi naye huvuja damu kichwani, na sukari ikishuka mtu huonekana kalewa, ndiyo maana kidole hutobolewa mapema.

(Aliyeuliza kuhusu mtoto mchanga: ambaye hajaanza kusema anapimwa kwa kipimo cha Blantyre, kilichotoka Malawi kwenye malaria kali. Kinaanzia 0 hadi 5, usikilinganishe na hiki.)

Mpira ukitolewa, mwambieni nesi lugha anayoizoea. Tumewahi kumwandikia bibi mmoja wa Rombo maneno 4, yaani amechanganyikiwa, kwa sababu kila swali la Kiswahili alijibu kitu tusichokielewa. Mjukuu alipofika akamuuliza kwa Kichagga, bibi akataja siku, akataja hospitali, kisha akauliza nani amelisha ng'ombe. Tukafuta, tukaandika 5.