Ndege wa Mida

Mama,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako mamako amenisomea mara mbili. Unauliza ndege wa Mida, hori yetu hapa Watamu, huondoka tarehe ngapi, ili uombe likizo huko Maskati uje uwaone. Tarehe mimi sina. Ndege hafukuzwi na upepo, mwanangu. Ndege huondoka akishashiba.

Dalili lakini zipo. Kaskazi imelegea, tumeingia tanga mbili, majira ya upepo kugeuka. Vitwitwi wa mdomo uliopinda, waliokuja na rangi ya majivu, matumbo yameanza kuwa mekundu kama tofali. Hao wanakwenda Siberia, zaidi ya kilomita 8,000, ndiyo maana maji yakitoka hawainui kichwa, ni kudonoa tope tu. Ndege wala kaa, wale weupe wa mgongo mweusi na mdomo mnene, safari yao ni fupi. Wanakuja huko kwenu, pwani za Omani na visiwa vya Ghuba, wachimbe mashimo mchangani na kutaga yai moja. Njia ile ile ya majahazi ya kina babu, na kusi ile ile.

Sijui kama unaikumbuka jioni ile ulipokuwa darasa la pili. Maji yalikuwa yanajaa, na hao ndege wala kaa hawakwenda kulala walikozoea. Walisimama kundi moja, wanaitana, wanaruka, wanazunguka, wanatua tena. Nilijua. Ukanishika shati, "Baba, tusubiri." Nikakwambia mnunuzi ananingoja na barafu inayeyuka, tutarudi kesho.

Usiku nikawasikia wakipita juu ya makuti yetu. Sikukuamsha.

Asubuhi ukakuta wamebaki wachache mno. Ukauliza kwa nini hao wameachwa, nami nikakujibu ni wagonjwa. Haikuwa kweli. Miaka mingi baadaye wale vijana wanaowavisha ndege pete miguuni ili kuwafuatilia waliniambia kwamba wengi wanaobaki ni wa mwaka wa kwanza, bado hawajafika umri wa kuzaa. Ni wale watoto uliokuwa ukiwacheka, wanaowafuata wakubwa msimu mzima wakiomba kulishwa. Walikuwa wazima kabisa, na wewe ukalala ukiwalilia kwa sababu yangu.

Najiambia ulikuwa mdogo, usiku wa manane, mbu wamejaa. Halafu najijibu: mbu gani? Ilikuwa kukubeba mpaka uani tu, wangekuwa juu ya kichwa chako. Bei ya samaki wa siku ile siikumbuki hata kidogo.

Kuhusu likizo, mimi sisemi kitu. Kazi ya hospitali ina masharti yake, na mamako amenikataza kukushawishi. Wewe ni mtu mzima, pima mwenyewe. Ila bamvua, yale maji makuu, ya katikati ya Aprili, jioni, maji yakijaa… basi, nimeahidi. Aprili lakini, usiache mpaka Mei.

Jana nilikwenda mpaka mwisho wa daraja la mikokoni. Bado wanakula. Na ndege huondoka akishashiba, nimekwambia.

Darubini ya kaka yako iko kabatini. Jicho la kushoto lina ukungu, la kulia linaona vizuri.

Babako