Gari la umeme kunuka samaki: anza na plagi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini gari lako la umeme la mtumba linanuka samaki asubuhi ukilitoa kwenye chaji, na mchana ukiwasha AC linanuka soksi chafu. Hizo ni shida mbili tofauti, na hiyo ya kwanza si ya kungoja kesho. Usilichaji tena mpaka uiangalie plagi.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Huu ni mwaka wa tatu natumia gari dogo la umeme lililotoka Japani, hapa hapa Mombasa. Harufu ilipoanza nilidhani ni maji ya samaki wa Kongowea yamemwagika kwenye buti. Nikatoa zulia, nikaosha, nikaanika juani. Asubuhi ikarudi. Siku ya nne mke wangu akaniuliza, "Mbona hata ukutani kunanuka?" Nilipozima swichi na kuichomoa plagi, pini moja ilikuwa nyeusi, na tundu lake kwenye soketi limegeuka rangi ya kahawia.

Zile plastiki ngumu za plagi na soketi zikipata moto hutoa harufu ya samaki, wengine husema ya mkojo. Chanzo kwangu kilikuwa kebo ya kuchajia. Ilitengenezwa kwa stima ya kwao, volti 200 na ampea 15. Fundi alikata plagi ya Kijapani akafunga hii yetu ya pini tatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Pasi na birika pia huvuta stima nyingi, ila kwa dakika chache. Gari huvuta usiku kucha bila kupumzika. Wala usitegemee fyuzi ikulinde: fyuzi ya 13 huweza kubeba 15 kwa muda mrefu sana bila kukatika, huku inaipika plagi kutoka ndani. Ndiyo maana weusi wangu ulianzia upande ule ule fyuzi inapokaa.

Kwa hiyo soma maandishi kwenye kile kisanduku cha kebo, uone ni ampea ngapi. Kisha tazama pini na matundu ya soketi. Ukikuta rangi imebadilika au plastiki imelegea, usipige msasa ukarudishia; soketi ile imekwisha, na plagi nayo. Mimi niliita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya, akavuta waya mpya mnene kutoka kwenye boksi la stima moja kwa moja hadi maegesho, wenye sakiti breka yake peke yake, akafunga soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 16. Mpaka leo nikimaliza saa moja ya kuchaji huwa nazima, halafu naigusa plagi kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa mkono haukai, kuna kitu kimelegea. Na extension, tafadhali, usiitumie kabisa.

Soksi chafu ni ukungu. Ndani ya dashibodi kuna chuma kinachopozwa na AC, nacho hutoka jasho mchana kutwa kwa unyevu wetu huu wa pwani. Badilisha chujio la hewa, mara nyingi liko nyuma ya droo ya mbele ya abiria. Kisha angalia chini ya gari: AC ikifanya kazi hapa kwetu lazima maji yadondoke. Hayadondoki? Mpira wa kutolea maji umeziba, na maji yanalala ndani. Baada ya hapo jizoeze kuzima AC dakika chache kabla ya kufika, uache feni ipulize pakauke. Manukato uliyotundika kwenye kioo yatoe kwanza, kwa maana yanakuficha harufu unayoitafuta.

Nyingine nitazitaja haraka, kwa kuwa umesema harufu "hubadilika". Mayai viza: betri ndogo ya volti 12, ikiwa ni ya asidi, huenda inachajiwa kupita kiasi. Chuma cha moto karibu na gurudumu baada ya safari: breki imeshika. Magari haya hupunguza mwendo kwa mota, breki hukaa bila kazi, na chumvi ya bahari inazila. Utamu kama wa sharubati, na kioo kinaingia ukungu wenye mafuta: maji ya kupozea yanavuja, peleka gereji, na usiongeze maji ya bomba.

Ila ukisikia harufu kali tamu kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, tena kuna mlio wa kufoka au moshi mweupe chini ya sakafu, hiyo ni betri kubwa. Shuka na watu wako, nendeni mbali upepo unakotoka, piga simu zimamoto uwaambie wazi kuwa ni gari la umeme. Usirudi kuchukua simu wala mkoba. Hata moto ukizimika, betri hizi huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Na nyaya za rangi ya chungwa, zile za stima kali ya betri kubwa, usiziguse wewe wala fundi wa mtaani asiyezisomea.

Leo jioni ikague plagi, uweke picha ya zile pini hapa, na uandike ampea zilizo kwenye kisanduku. Nitapita baada ya isha nikutazamie.