Mshipa wa ubongo uliopungua upana: je, mama atapata kiharusi?
Ndugu yangu, umeuliza kama mama yako wa Mbale, ambaye mkono ulimlegea kwa dakika chache na picha ikaonyesha mshipa wa ubongo umepungua upana kwa asilimia 75, atapata kiharusi. Asilimia hiyo peke yake haitoshi kutabiri; kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule mkono, kwa kuwa hatari huwa kubwa katika wiki za mwanzo baada ya dalili. Msikimbilie kuuza shamba ili awekewe stenti, yaani kibomba kidogo cha kuutanua mshipa: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, asilimia 14.7 ya waliowekewa walipata kiharusi au kufariki ndani ya siku 30, dhidi ya 5.8 ya waliotibiwa kwa dawa tu. Mwulizeni daktari kuhusu aspirini pamoja na klopidogreli (dawa za kuzuia damu kuganda), statini (dawa ya kupunguza kolesteroli), na kushusha presha. Mkono ukilegea tena, mpelekeni hospitali papo hapo, hata ukirudia hali yake njiani.