Roshani ya kuchezea watoto ndani ya nyumba: anza na nafasi, mbao zitafuata

Mkuu, umeuliza kama paini ya 2 kwa 4 itabeba wanao wawili, wa miaka 4 na 6, kwenye roshani ya kuchezea unayotaka kuiweka chumbani kwao, nyumba ya kupanga, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu. Itawabeba, hata wakialika wa jirani. Mimi ni seremala, na hizi roshani nimezitengeneza majumbani na kwenye shule za chekechea. Sijawahi kuitwa kwa sababu mbao imevunjika. Huwa naitwa kwa mengine: kichwa kimekwama, mtoto kapanda juu ya kizuizi, nati zimelegea mpaka kitu kizima kinayumba. Kwa hiyo la uzito nalimaliza upesi.

Jukwaa la futi 4 kwa 6, nguzo nne za 4 kwa 4, boriti za 2 kwa 4 zilizosimamishwa (ule upana wa inchi 4 uwe wima), moja kila sentimita 40, juu yake plaiwudi ya milimita 18. Muhimu ni hili: chonga nguzo ili boriti ya pembeni ikalie kwenye mbao yenyewe, bolti iishikilie tu isitoke. Fundi akikwambia anatundika boriti kwa misumari kwa sababu "hawa ni watoto tu", mshukuru umtafute mwingine. Msumari hutoka kidogo kidogo kila mbao inapotikisika, na mtoto kazi yake ni kutikisa. Ikishasimama, kabla hajapanda mtu, panga juu yake mifuko sita ya saruji ya kilo 50 ilale hapo usiku mzima. Asubuhi itoe, upande mwenyewe, uisukume kushoto na kulia. Ikiyumba kwa ubavu, funga mbao za mshazari au ziba pande mbili kwa plaiwudi. Roshani nyingi hufa kwa kuyumba, chache sana hufa kwa kulemewa.

Sasa chukua futi kamba upime kitu ambacho hujakitaja kabisa: panga boi. Chumba cha kawaida kina kama mita 2.7 toka sakafuni hadi darini, na mapanga ya feni yanazunguka kama kwenye mita 2.4. Ukiweka jukwaa kwenye mita 1.2, kati ya jukwaa na yale mapanga inabaki mita 1.2. Mtoto wa miaka 6 ana urefu wa kama mita 1.15 akiwa peku. Ananyoosha mkono kuonyesha tu kwamba kafika juu, na mkono uko kwenye feni. Kuna mteja aliniambia atakuwa anaizima wakicheza. Nilikataa kazi. Swichi iko ukutani, yeyote atakayeingia chumbani anasikia joto ataiwasha. Iondoe hiyo panga boi, nunua feni ya kusimama, uiweke mbali na waya wake upite nyuma ya kabati. Halafu kumbuka kwamba chini ya paa la bati joto hukaa juu. Saa nane mchana watoto watashuka wenyewe, na wakishuka waache, usiwapandishie feni ya mezani.

Dirisha nalo hivyohivyo. Jukwaa likikaa kando ya dirisha, kile kizingiti ulichokuwa unaona kiko juu sasa kiko magotini pa mtoto. Nyumba zetu nyingi zina nondo, afadhali. Ila ukiwa ghorofani kwenye yale madirisha ya alumini ya kusukuma, yasiyo na nondo, usiweke roshani upande huo wa chumba. Wavu wa mbu haumzuii mtu kuanguka.

Nije kwenye nafasi, maana hapa ndipo watu wanapofanya urembo bila kupima. Mtoto mdogo hupenya miguu kwanza. Miguu inapita, nyonga zinapita, tumbo linapita, kichwa kinagoma. Hapo ananing'inia kwa kidevu, na hana nguvu ya kujivuta arudi juu. Vipimo vya Ulaya vya vifaa vya michezo ya watoto, EN 1176, vinazungumzia milimita 89 na milimita 230; Wamarekani wanasema inchi 3.5 na inchi 9, ni yaleyale. Nafasi yoyote iliyo kati ya vipimo hivyo viwili ni mtego: mwili unaingia, kichwa hakitoki. Basi kila uwazi uwe chini ya sentimita 8.9 au uzidi sentimita 23. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa mimi nashuka hadi sentimita 6 kati ya fito na fito, kwa sababu huyo naye siku moja atafika juu, hata kama leo mnaapa kwamba hatafika.

Kata kipande cha ubao chenye upana wa sentimita 8.9, uzunguke nacho roshani nzima. Kijaribu kwenye kizuizi, kati ya jukwaa na ukuta, chini ya kizuizi pale kinapokutana na plaiwudi, kwenye ngazi, kwenye kile kidirisha cha duara ambacho watoto wamekiomba. Pale kinapopita, hakikisha uwazi unazidi sentimita 23 au uzibe. Niliwahi kuitwa nyumba moja kukata fito kwa msumeno wa mkono huku mama mtu ameshika mabega ya mtoto. Kizuizi kilikuwa kizuri, mkongo uliopigwa msasa ukang'aa, kazi ya karakana yenye sifa mjini. Fito zilikuwa zimeachana kama sentimita 12, kwa sababu ndivyo zilivyopendeza kwenye picha.

Fito ziwe wima. Zikilala, umemtengenezea ngazi ya kupandia kizuizi. Kimo cha kizuizi nakiweka sentimita 90 juu ya jukwaa, na hesabu hiyo ianzie juu ya godoro au zulia kama utaweka, maana godoro nene linakula kizuizi. Kwa mtoto wa miaka 6, sentimita 90 inamfika kifuani, hawezi kupinduka kwa kuinama. Lakini akisimama juu ya kitu atapinduka, kwa hiyo usipeleke juu viti, stuli wala masanduku ya midoli yanayosimamika. Ncha za fito zisijitokeze juu ya mbao ya kizuizi kama uma, zinanasa nguo.

Nguo zinanileta kwenye kamba, na hapa naomba uwe mkali kuliko mama mkwe. Watoto wetu hujifunga kanga shingoni wakawa mashujaa wanaoruka. Chini sakafuni ni mchezo, kwenye roshani ni kitanzi. Hakuna kanga shingoni, hakuna skafu, hakuna sweta la kofia lenye kamba, hakuna kamba ya chandarua inayoning'inia karibu, hakuna kamba ya pazia. Kamba za kuvutia kikapu juu, ambazo kila mtu kaziona mtandaoni, mimi siweki. Na mtoto akitoka kwenye baiskeli na helmeti, aivue kwanza, kwa sababu helmeti inakifanya kichwa kiwe kikubwa kuliko nafasi ulizozipima.

Kuhusu ngazi, wengi huweka ile ya vipago, wanaacha sentimita 25 toka kipago hadi kipago. Toa unene wa kipago wa sentimita 4, inabaki 21. Rudi juu usome tena: 21 imo ndani ya mtego. Ukipanua hadi ipite 23, mtoto wa miaka 4 anapanda kwa shida na anashuka kwa kubahatisha. Kwa umri huo mimi natengeneza ngazi ya masanduku: kila daraja ni sanduku lililozibwa, kimo cha sentimita 18, kina cha kutosha unyayo wake wote ukae, na ndani unaweka midoli. Inakula nafasi ya chumba, ni kweli, na inakula mbao. Lakini mtoto anashuka akiangalia mbele bila kuning'inia, na juu unaweka kigeti kinachofunguka kwa ndani, upande wa jukwaani, ili anayekiegemea asikifungue. Sehemu ya mwisho ya ngazi, ile inayogusa vigae, ifungwe kwenye nguzo kwa bolti na chini ibandikwe mpira. Vigae vikimwagikiwa maji kidogo vinateleza.

Wa chini ya miaka 3 asipande peke yake. Kulala juu sipendekezi hata kwa huyu wako wa miaka 4: wanaotengeneza vitanda vya ghorofa husema kitanda cha juu ni cha miaka 6 na kuendelea. Kucheza mchana ukiwepo ni jambo moja, kugeuka usingizini giza ni lingine.

Wakianguka waangukie nini? Vile vigae vyako ni kama saruji. Mikeka ya sponji ya kuunganisha inapunguza michubuko, haibadilishi sana kichwa kinavyoumia kikigonga, ndiyo maana nabaki na jukwaa la mita 1.2 na sipandi zaidi hata mteja akilalamika kwamba chini hapitiki. Kilicho muhimu zaidi ni kuondoa vitu kuzunguka roshani, kama mita 1.5 kila upande ulio wazi: meza ya kioo, pembe ya kitanda, kabati la televisheni. Akianguka akagonga kichwa, halafu akatapika, akasinzia isivyo kawaida au akapoteza fahamu hata kidogo, nenda hospitali, usisubiri asubuhi.

Mbao. Usinunue zile za kijani zilizotiwa dawa kwa ajili ya kenchi. Dawa inayotumika sana kwenye mbao za aina hiyo ina shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu ambayo mtoto anaibeba mikononi hadi mdomoni. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani na za viwanja vya watoto mwishoni mwa 2003. Chukua paini isiyo na dawa, ipigwe randa. Tatizo lake ni kwamba paini ya Mafinga mara nyingi hufika Dar ikiwa mbichi. Ipange chumbani na vijiti katikati ya mbao na mbao ili hewa ipite, uiache wiki kadhaa. Ukiiunganisha mbichi itasinyaa na bolti zote zitabaki zinacheza kwenye matundu. Pembe zote ziviringe kwa randa, kisha msasa, halafu pitisha soksi ya nailoni mkononi juu ya kila mbao. Ikinasa, kuna kibanzi. Umaliziaji uwe vanishi ya maji, au rangi iliyoandikwa kwenye kopo kwamba haina madini ya risasi. Rangi isiyo na jina ya kupimiwa kwenye chupa achana nayo. Usiruhusu mtoto apande mpaka harufu iishe.

Bolti ziwe zilizopakwa zinki, hasa kama uko pwani, pamoja na washa pande zote na nati zenye mpira wa nailoni ndani. Kaza zote baada ya kama mwezi mmoja, kwa sababu mbao itakuwa imetulia. Baada ya hapo kaza mwanzoni na mwishoni mwa masika, na vuli vilevile: unyevu unavimbisha mbao, jua linairudisha. Mimi nawashauri wateja wachore kwa kalamu mstari mmoja unaopita juu ya nati hadi kwenye mbao. Mstari ukikatika, nati imezunguka, unaona hata bila spana. Siku hiyohiyo kagua chini ya nguzo kama kuna udongo wa mchwa, na chini ya boriti kama kuna unga laini unaodondoka, huyo ni bungua. Mbao yenye bungua inabadilishwa; usipulizie dawa ya wadudu kitu ambacho mtoto anakiramba. Na taa ya juu isiwe ile ya betri ndogo bapa kama kifungo ambayo mtoto anaweza kuifungua. Ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2.

Mwenye nyumba wako anasema usitoboe ukuta. Mwombe matundu manne tu, mawili kila nguzo ya nyuma, umwahidi kuyaziba na kupaka rangi ukihama. Tofali la saruji lisilo na uwazi ndani linashika vizuri bolti za kutanua. Plasta peke yake haishiki kitu, kwa hiyo bolti ipite plasta iingie kwenye tofali. Akikataa kabisa, panua miguu ya chini, ziba pande tatu kwa plaiwudi na ushushe jukwaa hadi sentimita 90. Watalalamika siku mbili.

Kwa kuwa umepanga utahama, andika namba kwa penseli kwenye kila kiungo kabla ya kufungua, A kwa A, B kwa B, na bolti za kila kiungo zikae kwenye mfuko wake. Zile nati za nailoni usizirudie, zikishafunguliwa hazishiki kama mwanzo. Nunua mpya za kipimo kilekile. Halafu kile kipande cha sentimita 8.9 ukitunze, kwa sababu ukuta wa nyumba mpya hautakuwa sawa na huu na nafasi ya nyuma itabidi uipime upya. Ukishapima hiyo ya panga boi, weka hapa tuone jukwaa likae wapi.