Kadi nne: pindua A na 7, hiyo 4 iwache

Ndugu, umeuliza ni kadi zipi lazima zipinduliwe ili kujua kama sharti limefuatwa. Kadi zako ni A, K, 4 na 7, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na sharti ni "penye irabu, nyuma yake pana namba shufwa". Za kupindua ni A na 7. Wengi mliojibu hapa juu mmesema A na 4, kosa lile lile linalojulikana tangu mwanasaikolojia Peter Wason alipoleta fumbo hili 1966. Tafuta kadi inayoweza kulivunja sharti, si inayolikubali. Nyuma ya 4 hata pakiwa na K hakuna kilichoharibika, kwani hatukuambiwa shufwa ni za irabu peke yake. Lakini nyuma ya 7 pakitokea E, sharti limekufa.

Sasa hamia baa ya ufuoni Nyali, Mombasa: anywaye bia awe ametimiza miaka 18. Yuko mwenye bia, mwenye dafu, wa miaka 25 na wa miaka 16. Utamkagua nani? Mwenye bia na huyo wa 16, wala hukuumiza kichwa. Wa 25 na anywe atakacho. Fumbo ni lile lile, ila hapa akili inanusa mkosaji upesi.